Kumbukumbu za Kikao cha Dharura Kuhusu Ancha Bacar Kumaliza Triatlo Baada ya Kutangazwa Kuwa Amezama

CHAMA CHA MICHEZO TUNGUE, PALMA
KAMATI TENDAJI

Tarehe: Alhamisi, 16 Oktoba 2025
Mahali: Darasa la nne, shule ya msingi ya mtaa
Kuanza: Saa 9:40 alasiri

Waliohudhuria:
Faquir Momade, Mwenyekiti
Laila Abdala, Katibu
Eusébio Nantimbo, Mratibu wa Ufundi
Fátima Sumail, Mjumbe (mstari wa kumalizia)
Nurdine Issa, Mjumbe (ulinzi wa baiskeli)
Tarique Amade, Mjumbe (mawasiliano kwa pikipiki)

Waalikwa: Ancha Bacar na Nazir Selemane, washiriki wa mbio

Hakuhudhuria kwa taarifa: Inácio, Mhazini, yuko zamu kwenye kambi ya gesi, Afungi

KUMB. NA. 1/10/2025: KUFUNGUA

Mwenyekiti alifungua kikao kwa dua. Ndugu Eusébio aliomba kwa desturi ya kwao.

Mwalikwa Ancha Bacar alipoingia, wajumbe wawili walisimama bila kuambiwa. Mwenyekiti aliagiza wakae. Ancha aliwapa mkono wote mmoja mmoja. Ndugu Tarique alichelewa kuupokea. Ancha alimwambia, "Kaka Tarique, mkono wangu una joto, ushike." Ndugu Tarique aliushika, akauachia upesi.

Ndugu Eusébio aliomba maneno muhimu yaandikwe kama yatakavyosemwa, kwa sababu muhtasari wa Jumamosi ndio uliowafikisha hapa. Katibu alikubali.

KUMB. NA. 2/10/2025: KUSOMWA KWA KUMBUKUMBU ZA JUMAMOSI, 11 OKTOBA

Katibu alisoma ukurasa wa 31 wa daftari la Chama: "Mshiriki Ancha Bacar, miaka 34, amefariki dunia kwa kuzama katika sehemu ya kuogelea. Imethibitishwa saa 2:30 asubuhi. Mbio zimefungwa. Wajumbe wote walikwenda msibani kwa Bi Sumaia, mama wa marehemu."

Ancha aliomba isomwe tena. Ilisomwa. Aliuliza nani ameandika. Katibu alijibu kwamba ni yeye. Ancha alisema mwandiko ni mzuri.

Ndugu Nurdine alipendekeza ukurasa huo uchanwe. Katibu alieleza kwamba kurasa zina namba na ukurasa wa 30 hauwezi kufuatwa na wa 32. Ilikubaliwa kwamba neno "amefariki" likatwe kwa mstari mmoja, tarehe ya leo iandikwe pembeni, na lililokatwa libaki linasomeka. Sehemu nyingine za ukurasa hazikuwa na pingamizi wakati huo.

KUMB. NA. 3/10/2025: JINSI MSHIRIKI ALIVYOHESABIWA KUWA AMEZAMA

Mwenyekiti alieleza kwamba hii ilikuwa mara ya kwanza kwa Chama kuandaa triatlo ya masafa marefu, yaani kuogelea kilomita 2 katika ghuba, baiskeli kilomita 80 kwenda na kurudi, kisha mbio za miguu kilomita 20 hadi uwanja wa mpira. Hakuna mtu wa Chama aliyewahi kumaliza masafa hayo mahali popote. Washiriki saba waliingia majini saa 12:00 kamili asubuhi. Watatu walichoka wakatolewa kwa boti. Walibaki wanne: Nazir, wenzake wawili, na Ancha.

Mwenyekiti alikumbusha kwamba njia ya kuhesabu waliotoka majini ilipitishwa kwa kura. Katibu alithibitisha kwa daftari lake binafsi la kila siku, Jumamosi ya tarehe 4 Oktoba. Ndugu Eusébio alipendekeza karani asimame ufukweni na orodha ya majina. Ndugu Nurdine alipendekeza kila mshiriki aache ndala zake pwani, kama mlangoni pa msikiti, kwa maelezo kwamba ndala zikiisha, watu wameisha. Pendekezo la ndala lilipata kura tano, la orodha kura mbili.

Ndugu Nurdine alisema njia hiyo haijawahi kukosea msikitini. Ndugu Eusébio alijibu kwamba msikitini watu hutokea mlango ule ule walioingilia, lakini baharini mkondo ndio unaochagua mlango. Ndugu Nurdine alisema haoni mtu wa uwandani, mbali na bahari, anaweza kumfundisha nini juu ya mkondo, maana kwao watu hujifunza kuogelea kwenye ndoo. Ndugu Eusébio alisema ni kweli, na kwamba kwenye ndoo hajapotea mtu. Mwenyekiti aliwataka warudi kwenye hoja.

Ilielezwa kwamba saa 1:40 asubuhi jozi moja ya ndala, za bluu, ilikuwa bado pwani. Ilijulikana kuwa ni za Ancha. Wajumbe wote waliokuwa kwenye vituo vya jirani walikimbilia pwani, pamoja na Ndugu Nurdine aliyekuwa akilinda baiskeli. Boti ilitafuta kwa dakika hamsini, ikarudi na kitambaa cha kichwa cha mshiriki kilichokutwa kikielea. Hapo Mwenyekiti, ambaye ni mjomba wa Ancha, alitangaza kifo na kufunga mbio. Alikwenda mwenyewe kwa dada yake, Bi Sumaia, kumpa habari.

Mwenyekiti aliulizwa kama kuna mtu aliyekwenda kuangalia baiskeli ya mshiriki. Ndugu Nurdine alijibu kwamba aliporudi hakuikuta. Aliulizwa alidhani nini. Alijibu alidhani jamaa wa marehemu wameshaichukua. Ndugu Eusébio aliuliza, "Kabla hata wao wenyewe hawajaambiwa?"

KUMB. NA. 4/10/2025: MAELEZO YA ANCHA BACAR

Ancha alieleza kwamba baada ya boya la pili mkondo ulimvuta kuelekea kusini, kitambaa kikamtoka kichwani. Hakushindana nao. Aliuacha umchukue, akatokea nyuma ya mikoko, kama mita mia nne kutoka mahali palipowekwa alama. Ilikuwa saa 1:18. Alipita njia ya nyuma, yenye matope mengi, hadi kwenye baiskeli. Viatu vyake vya kukimbilia vilikuwa vimefungwa kwenye kiti cha baiskeli, kwa hiyo hakuwa na haja ya kurudi pwani kuchukua ndala. Alipofika mlinzi hakuwepo, alikuwa peke yake pale. Baadaye, akiwa anavaa, aliona watu wanakimbia kuelekea majini, akadhani kuna mshiriki amezidiwa. Alivaa kapulana, yaani kitenge, juu ya nguo zilizolowa, akafunga kapulana nyingine kichwani, akapaka msiro usoni, ule unga mweupe, kwa sababu ya jua. Akaondoka.

Ndugu Tarique aliombwa aeleze upande wake. Alisema alitumwa kwa pikipiki kuwasimamisha waendesha baiskeli waliokuwa mbele. Kwenye kilomita ya 27 hivi alimkuta mwanamke mwenye msiro usoni anaendesha baiskeli taratibu. Alidhani anakwenda shambani. Aliombwa aseme kama walizungumza.

Alisema: "Nilimsalimu. Nikamuuliza, dada, umewaona wale wa mbio?"

Ancha alisema: "Nikamjibu, wako mbele."

Mwenyekiti alimuuliza Ndugu Tarique kwa nini hakuitambua sauti, ilhali wamesoma darasa moja. Ndugu Tarique alisema, "Mwenyekiti, nilikuwa nakwenda kutangaza kwamba amekufa. Ningeitambuaje?"

Ancha aliendelea kwamba baada ya muda mfupi ilimpita karinya, gari dogo la mizigo, iliyopakia mihogo, ikirudi Palma. Nazir na wenzake wawili walikuwa wamekaa juu ya mihogo na baiskeli zao. Nazir aliinua mkono, naye akainua wake. Aliulizwa alielewa nini. Alijibu: "Nilidhani wamechoka. Nikasema moyoni, wanaume watatu wamepanda gari, basi wa kufika nimebaki mimi."

Wajumbe walicheka. Nazir hakucheka.

Kuhusu mbio za miguu, Ancha alieleza kwamba hakukuta maji mahali popote yalipopangwa kuwekwa. Alikunywa kwa muuza mandazi kwenye pipa la kugeuzia. Alitembea kilomita ya 14 na ya 17, nyingine zote alikimbia. Aliona si ajabu kukosa watu, kwa kuwa alijua yuko nyuma sana.

Kuhusu kufika nyumbani, Ancha alisema alifika kama saa 10:20 akikokota baiskeli, baada ya kuipitia alipoiacha. Aliona watu wengi uani na njiani, akadhani wamekuja kumpongeza. Alishangaa habari ziliwafikiaje. Shehe alikuwa amesimama mbele akipanga safu za swala ya ghaibu, inayosaliwa maiti asiyekuwepo. Waliokuwa safu ya nyuma ndio waliogeuka kwanza. Aliulizwa watu walifanya nini. Alisema hakuna aliyepiga kelele. Walimpisha njia. Mtu mmoja aliyekuwa ameshika kifurushi cha sanda alikiweka chini, akakisogeza kwa mguu mpaka nyuma ya mtungi. Mama yake alimshika uso kwa mikono miwili, akaufuta ule msiro kwa kidole kuona kilichopo chini. Kisha alimwambia aende akaoge kwa sababu watu wamejaa.

Ancha alisema hapo ndipo alipouliza nani amekufa.

Mwenyekiti aliomba maji.

KUMB. NA. 5/10/2025: OMBI LA BARUA YA UTHIBITISHO

Katibu alieleza kwamba waandaaji wa mashindano ya triatlo mjini Pemba, makao makuu ya mkoa wetu, wametenga nafasi moja kwa Palma. Nafasi hiyo ni ya mtu ambaye ameshamaliza masafa marefu, kwa barua ya Chama chake. Barua inatakiwa imfikie mwakilishi wao hapa wilayani kesho Ijumaa kabla ya saa sita mchana. Ancha ameiomba.

Mwenyekiti alisema anasikitika, lakini mbio zilizofungwa si mbio tena. Alizifunga yeye saa 2:30 kwa mamlaka aliyonayo, na kila kilichofanyika baada ya hapo ni mtu kujiendeshea baiskeli yake barabarani. Alipendekeza Jumamosi yote ifutwe na mbio zirudiwe Novemba.

Ancha alisema: "Mjomba, Novemba nafasi itakuwa imekwenda. Na mimi nimeomba ruhusa ya Jumamosi moja kule dobi Afungi, nimeipata kwa miezi mitatu ya kubadilishana zamu. Nyingine siipati. Sikuambiwa kuwa zimefungwa. Mjumbe wako alinikuta njiani, akanisalimu, akaenda zake."

Mwenyekiti alisema hapa asiitwe mjomba. Ancha alisema sawa, Mwenyekiti.

Ndugu Eusébio aliomba iandikwe kwamba kwa maoni yake Mwenyekiti ana sababu nyingine. Mbio zikikubaliwa kuwa zilimalizika, itakuwa imekubaliwa pia kwamba zilifungwa kwa makosa. Mwenyekiti alijibu kwamba sababu yake anaijua yeye. Alisema yeye ndiye aliyemwambia dada yake kwa kinywa chake, na tangu Jumamosi akienda kubisha hodi anajibiwa kwamba dada yake amelala, hata saa nne asubuhi. Alisema asingependa kuandika barua ya kujisifu juu ya siku hiyo. Alisema pia, kwa ukaidi, kwamba hilo halihusiani na kanuni.

KUMB. NA. 6/10/2025: MAELEZO YA NAZIR SELEMANE

Ndugu Nurdine alisema haki ya Nazir lazima ilindwe. Nazir alikuwa wa kwanza, ameshageuka kilomita ya 40 na anarudi, akaacha mbio kwa ajili ya utu. Akauliza kama mtu aliyesimama kwa ajili ya msiba anaweza kupitwa na mwenye msiba.

Nazir alisema anashukuru, lakini ana la kusema na lisifupishwe. Alisema:

"Nilikuwa kilomita ya arobaini na saba. Paja la kulia lilikuwa limeanza kukaza tangu kilomita ya thelathini na tano, nikawa naendesha kwa mguu mmoja. Tarique akaja akaniambia Ancha amezama. Nililia, watu wa karinya waliniona. Lakini kabla ya machozi kuna kitu kingine kilikuja, na nimekaa nacho siku tano. Ni nafuu. Mguu wangu ulifurahi. Nikasema, alhamdulillah, sasa naweza kushuka. Ancha amekufa na mimi nasema alhamdulillah. Kwa hiyo msiseme nilisimama kwa ajili ya utu. Sijui kama ningefika. Yeye anajua kama amefika."

Ndugu Nurdine alimwambia maneno hayo hayakuwa na haja ya kusemwa mbele ya watu. Nazir alisema yalikuwa na haja.

Ancha alimuuliza Nazir kama paja limepona. Nazir alijibu bado kidogo.

KUMB. NA. 7/10/2025: USHAHIDI WA NJIA NA WA MSTARI

Ndugu Eusébio aliwasilisha aliyoyakusanya tangu Jumatatu. Kwenye kituo cha ukaguzi cha kilomita ya 40, kila apitaye huandikwa. Mlinzi alimwonyesha daftari lenye jina la Ancha Bacar na namba ya kitambulisho chake, saa 3:58 asubuhi. Muuza mandazi wa kwenye pipa la kugeuzia alithibitisha kwamba mwanamke mwenye msiro alikunywa vikombe vitatu vya maji, akalizunguka pipa, akarudi alikotoka.

Katibu alisoma Kanuni ya 6 ya mbio: "Mmalizaji ni mshiriki aliyeonekana na mjumbe wa Kamati akivuka mstari, na saa yake ikajulikana." Mwenyekiti alisema hilo ndilo tatizo lenyewe. Hata akiacha suala la kufungwa, wajumbe wote walikuwa msibani. Imeandikwa, imesomwa leo, na hakuna aliyepinga. Ancha alikubali kwamba alipofika uwanjani kamba ilikuwa imeondolewa na hakuona mtu. Alipita katikati ya nguzo mbili za goli kama walivyoelekezwa.

Ndugu Eusébio alisema basi hana la kuongeza. Mwenyekiti alisema kama hakuna mwenye neno, ataifunga hoja hii.

Mama Fátima alisema ukurasa wa 31 una kosa jingine.

Aliombwa afafanue. Alisema wajumbe waliokwenda msibani si wote. Yeye hakwenda. Mwenyekiti alimuuliza Katibu ameandikaje "wote". Katibu alikiri kwamba hakuhesabu, aliandika hivyo kwa kuwa haikumjia akilini kwamba mjumbe anaweza kukosa.

Ilibidi ielezwe kwa ajili ya kumbukumbu kwamba Mama Fátima na Bi Sumaia hawajasalimiana tangu waliporudi kutoka ukimbizini, kisa kikiwa sufuria moja. Mama Fátima alisema asingeweza kuingia kulia katika nyumba ambayo haingii kusalimia, watu wangesema amekuja kuhakikisha kama msiba ni wa kweli. Alibaki kwake, na nyumba yake inatazamana na uwanja wa mpira. Maelezo yake ni haya:

"Nilikuwa barazani nachambua mchele. Najilaumu, najitetea, hivyo hivyo. Nikaona mtu anatokea njia ya Afungi, anakimbia kama anayevuta kitu. Uso mweupe. Kapulana imemganda mwilini. Nikamjua kwa mwendo. Akapita katikati ya zile nguzo, akasimama, akaangalia huku na huku. Akasema, 'Kuna mtu?' Simu ilikuwa mkononi, nataka kumpigia mtu yeyote, inasema saa tisa na dakika thelathini na nane. Niliingia ndani nikaweka komeo. Nikasoma Ayatul Kursi mara saba. Nilijua amenijia mimi, kwa sababu sikwenda msibani kwake."

Ancha alisema: "Nililisikia komeo."

Mama Fátima alisema: "Mwanangu, nisamehe."

Ancha alisema: "Nilidhani ni upepo. Nikakaa chini dakika mbili, nikaondoka."

Mwenyekiti alimuuliza Mama Fátima kwa nini alinyamaza siku tano. Alijibu kwamba Jumamosi jioni aliposikia Ancha yu hai alifurahi, na furaha yenyewe ilimpa aibu, maana kusema alimwona ni kusema alikuwa wapi. Alisema leo alikuja akiwa ameazimia kunyamaza tena. Ila baada ya yule kijana kusema habari ya mguu wake, yeye mtu mzima ameona hawezi.

Ndugu Tarique aliuliza kama ushahidi wa mtu aliyekimbia unahesabika. Katibu alisoma tena Kanuni ya 6. Haisemi kwamba mjumbe aliyeona lazima abaki.

KUMB. NA. 8/10/2025: UAMUZI

Ndugu Eusébio alitoa hoja kwamba Ancha Bacar atambuliwe kuwa mtu wa kwanza wa Chama kumaliza triatlo ya masafa marefu, kwa saa 9 na dakika 38. Nazir Selemane aliomba aunge mkono. Aliambiwa mwalikwa haungi mkono hoja. Ndugu Tarique aliunga mkono.

Mwenyekiti alisema hatapiga kura kwa sababu ya ujamaa wake na mshiriki. Ndugu Eusébio alisema ni vizuri. Mwenyekiti alisema hakuhitaji kuambiwa kuwa ni vizuri.

Waliokubali: Eusébio, Tarique, Fátima, Laila. Aliyekataa: Nurdine, kwa maelezo kwamba hana ugomvi na mshiriki, ana ugomvi na jambo lenyewe, na kwamba mbio zijazo bado anaamini ndala zingefaa kama zingewekewa mlinzi. Hoja ilipita.

Ilikubaliwa barua iandikwe papo hapo, ilale kwa Ancha, na Ndugu Tarique aipitie kesho mapema kuipeleka. Katibu aliiandika kwa Kireno kama ilivyotakiwa na kuisoma. Mwenyekiti aliichukua, akaisoma mwenyewe mara ya pili kwa sauti ndogo, akaitia sahihi na mhuri. Alimkabidhi Ancha aone. Alimwambia, "Mwambie mama yako nimesaini." Ancha alisema atamwambia.

Ilibaki sahihi ya shahidi wa mstari. Mama Fátima aliuliza kama barua hiyo itaonwa na Bi Sumaia. Ancha alijibu kwamba itaonwa leo hii, kwa sababu analala kwa mama yake na hawezi kuificha. Mama Fátima aliuliza kama imeandikwa alikuwa wapi. Katibu alijibu ndiyo, mstari wa nne: nyumbani kwake, mkabala na uwanja, saa 9:38 alasiri, siku ya msiba.

Mama Fátima alikaa na kalamu kwa muda. Alimuuliza Ancha mama yake anarudi kisimani saa ngapi. Ancha alisema kabla ya magharibi. Mama Fátima alisaini, akaomba ruhusa kuondoka kabla ya kikao kufungwa ili amkute njiani. Aliruhusiwa.

KUMB. NA. 9/10/2025: KUFUNGA

Kwa kuwa hapakuwa na jingine, Mwenyekiti alikifunga kikao saa 11:05 jioni.

Faquir Momade
Mwenyekiti
(sahihi) ........................ Tarehe: 16/10/2025

Laila Abdala
Katibu
(sahihi) ........................ Tarehe: 16/10/2025